Mwanafunzi na Mtihani wa Historia

Msomaji, katika masomo yote yanayotahiniwa mwishoni mwa elimu ya sekondari nchini Kenya, historia ni miongoni mwa yale yanayodhulumiwa sana na wanafunzi wenyewe. Mmoja huiita bahari ya tarehe isiyo na pwani. Mwingine huiacha mpaka mwezi wa mwisho, kisha huimeza usiku na mchana kama mgonjwa amezavyo dawa chungu. Wote wawili huingia katika chumba cha mtihani vichwa vimejaa, na hutoka wakilalamika kwamba swali liliulizwa kwa namna wasiyoizoea. Kusudi la insha hii ni kukuonyesha njia iliyo bora, na mfano wake tutautoa Nakuru na nchi iliyo kando yake katika Bonde la Ufa.

Kwanza yafaa uujue mtihani wenyewe. Karatasi ni mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na ya alama 100. Ya kwanza yahusu historia na serikali ya Kenya. Ya pili yahusu Afrika na ulimwengu. Katika kila karatasi, sehemu ya kwanza ina maswali mafupi ya alama 25. Alama 75 zilizobaki ni za maswali marefu, kila moja alama 15. Basi piga hesabu: robo ya alama hutafutwa kwa kukumbuka, na robo tatu hutafutwa hasa kwa kueleza. Tena litazame neno linaloongoza swali. Ukiambiwa utaje, taja, usipoteze wakati. Ukiambiwa ueleze, hoja iliyotajwa bila maelezo ni nusu ya jibu.

Maelezo hayo hutoka wapi? Hutoka katika sababu. Tarehe ni shanga na sababu ni uzi. Mwenye shanga bila uzi hujaza viganja vyake, lakini akitikiswa kidogo hubaki mikono mitupu.

Chukua mfano wa reli. Ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, Nakuru mwaka 1900, na Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba 1901. Mwenye kukariri hukomea hapo. Mwenye kufikiri huuliza: baada ya hapo ikawaje? Reli ile iliigharimu Uingereza zaidi ya pauni milioni tano, nayo ilipita katika nchi ambayo mizigo yake ilikuwa haba. Ndipo serikali ya kikoloni ikawaita walowezi wa Kizungu waje walime, ili pawe na mazao ya kusafirisha. Walowezi nao walitaka ardhi iliyo karibu na reli, na ardhi hiyo, tangu Naivasha hata Nakuru, ilikuwa malisho ya Wamaasai.

Kwa hiyo ukaja mkataba wa 1904, ambao Olonana alikuwa mmoja wa waliouridhia. Wamaasai wa bonde wakahamishwa, wengine Laikipia, wengine kusini mwa reli, wakaahidiwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu kabila lao li hai. Ahadi ile ilidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwaondoa Laikipia pia. Ole Gilisho na wenzake waliipeleka serikali mahakamani. Mwaka 1913 kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba ya namna ile haikuwa jambo la mahakama kuliamua.

Ardhi ilipokwisha kupatikana, ilihitaji mikono. Lord Delamere, aliyeanza ukulima Njoro, hakuweza kulima maelfu ya ekari peke yake, wala walowezi wenzake hawakuweza. Kodi ya kibanda, na baadaye kipande, vikawasukuma Waafrika kwenda kutafuta kazi ya mshahara. Wakikuyu wengi, na watu wa makabila mengine, wakaja bondeni kuwa maskwota: walimfanyia mlowezi kazi, naye akawapa kipande cha kulima na mahali pa kulisha mifugo. Lakini miaka ilivyopita sheria zilikazwa, mifugo yao ikapunguzwa, na wengine wakafukuzwa. Baadhi yao walipewa makao Olenguruone mwaka 1941. Huko wakakataa masharti ya ukulima waliyowekewa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wameondolewa. Anayejua habari ya Olenguruone hashangai kusoma kwamba hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952.

Mwisho, tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta alisimama Nakuru mbele ya walowezi waliojaa hofu. Akawaomba wasahau yaliyopita, akawataka waliopenda kukaa wakae walime. Ukisoma habari ya siku ile pekee, utaona hotuba tu. Ukiisoma baada ya yale ya 1904 na 1950, utafahamu uzito wa kusamehe kulikotajwa hapo, na utauliza pia ni nani aliyerudishiwa ardhi na ni nani aliyeikosa. Swali hilo halikufa. Lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochewa katika mapigano ya 1992 na ya 2007 hadi 2008, na katiba ya 2010 ikalitengea ardhi sura nzima. Tazama, msomaji: kutoka reli mpaka katiba ni uzi mmoja.

Hapa pana jambo kubwa kuliko alama. Katika dawati moja la Nakuru waweza kuketi Mmaasai, Mkikuyu na Mkalenjin, kila mmoja amesikia nyumbani kwao sehemu moja ya habari hii, na kila sehemu ina kilio chake. Mtihani hauulizi nani wa kulaumiwa. Huuliza sababu, na sababu za kila upande. Ukimweleza mlowezi kwa nini alikuja, hukumtetea. Ukieleza hasara ya Mmaasai, hukuifuta ya skwota. Anayejifunza kupima hivyo akiwa kijana hatakuwa mwepesi wa kuchochewa akiwa mzee.

Basi, jiandae hivi. Anza mapema. Kila mada iandike katika ukurasa mmoja kama mnyororo: hili lilitokea, kwa sababu hii, likazaa lile. Mweleze mwenzako bila kutazama daftari. Utakapokwama, hapo ndipo hujui. Jibu karatasi za miaka iliyopita huku saa iko mbele yako. Na miguu yako iisaidie akili: ukiwa Nakuru, nenda Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba kuanzia mwaka 1937, au Kariandusi karibu na Elmenteita, uyaone mashoka ya mawe. Aliyeliona shoka lile haulizwi Enzi ya Mawe akababaika.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kwa siku, ukieleweka, utakufikisha penye mtihani ukiwa na uzi mkononi; na siku ile, hata swali likija kwa sura ngeni, utajua pa kulishika.