Mashamba Yasiyolimwa: Udongo, Maji na Bukari ya Kolwezi

Magharibi mwa mji wa Kolwezi, jimboni Lualaba, yapo machimbo mawili yanayoitwa Mashamba. Mashamba Mashariki yako chini ya Kamoto Copper Company. Mashamba Magharibi, pamoja na Dikuluwe jirani yake, yalikwenda kwa Sicomines, kampuni ya ubia iliyozaliwa na mkataba wa mwaka 2008 kati ya Kongo na makampuni ya China. Msemaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo huona matuta na mahindi. Afikapo pale hukuta ngazi za mwamba zikishuka shimoni na malori yakipanda na mawe ya shaba na kobalti.

Usimamizi wa maliasili katika Lualaba upimwe kwa swali moja: ardhi iliyobaki nje ya mashimo inaweza kuwalisha wenyeji mwaka ambao mvua imeharibika? Kwa kipimo hicho tunashindwa, na tunashindwa kwa sababu ya sheria na bajeti kabla ya kulaumu mawingu.

Kusini mwa iliyokuwa Katanga, iliko Lualaba, hakuna vuli na masika. Kuna mvua moja tu, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Aliyekosa msimu amekosa mwaka mzima. Ndiyo maana jimbo hili limezoea kutegemea unga wa Zambia. Tarehe 29 Februari 2024 Rais wa nchi hiyo, Hakainde Hichilema, alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Takriban hekta milioni 1 za mahindi, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, zilikuwa zimeharibika. Msiba wa jirani ukawa msiba wa sufuria za Kolwezi. Nchi inayotoa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, madini yanayosifiwa kuwa yataiokoa dunia na joto, inasubiri mpakani Kasumbalesa malori ya unga wa bukari, yaani ugali.

Tazama pia nishati. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya Mto Lualaba katika miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi, na bwawa jipya la Busanga, lenye uwezo wa megawati 240, limejengwa kwa mahitaji ya Sicomines. Umeme upo, lakini mama wa Kolwezi anapikia makala, kama makaa yanavyoitwa huko. Asubuhi ya kiangazi simama kando ya barabara iingiayo mjini: mwanamume anasukuma baiskeli asiyoweza kuipanda, magunia marefu yamefungwa kwa kamba za mpira, midomo ya magunia imezibwa kwa majani, na miguu yake imekuwa ya rangi ya vumbi hadi magotini. Anachokisukuma ni msitu wa miombo uliogeuzwa makala. Msitu huo ulitoa uyoga, asali na viwavi vya kula, na mizizi yake iliyasaidia maji ya mvua kuzama ardhini badala ya kukimbilia mtoni. Kwingine maji hayo ya ardhini hutolewa kwa pampu ili shimo la mgodi libaki kavu. Kumbe tunayapoteza mara mbili: juu kwa shoka, chini kwa pampu. Mito ya Luilu na Musonoi, ipitayo katikati ya uchimbaji, inamwaga maji yake katika bonde la Lualaba, ambalo ndilo chimbuko la Mto Kongo.

Rais Félix Tshisekedi amekuwa akihimiza udongo ulipize kisasi kwa ardhi ya chini, yaani kilimo kiyashinde madini. Ni wito mzuri, ila sheria haijauitikia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, ikaahidi amri maalumu ya rais kuhusu ardhi za jamii za vijijini; miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa. Mkulima aliyerithi shamba la babu yake hana karatasi, lakini mwenye kibali cha madini anayo. Fidia ikilipwa kwa mazao peke yake, inalipa msimu mmoja kwa ardhi ambayo ingelisha vizazi.

Agizo peke yake halitoshi. Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga, aliwahi kuyataka makampuni ya madini yalime mahindi, kila moja hekta 500. Nia yake naiheshimu. Lakini kampuni ya madini ikilima kwa kuagizwa, italima hadi agizo lisahauliwe. Mwenye shamba hulima kwa sababu watoto wake watakula hapo.

Wapo wanaosema madini ndiyo yanayolipa shule na barabara, na hoja yao ina uzito. Basi tuifuate hadi mwisho. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, inatozwa mrabaha wa asilimia 10. Kwa hiyo fedha zina anwani. Manispaa za Kolwezi, Dilala na Manika, pamoja na sekta na uchifu zinazopokea asilimia 15, zianze na mambo mawili kabla ya jengo lolote: visima na vyanzo vya maji vinavyopimwa kila msimu na matokeo yake kubandikwa hadharani, na hati za mashamba kwa wale wanaoyalima. Kibali kipya cha mgodi kisitolewe juu ya ardhi ambayo wakulima wake hawajaandikwa.

Naliomba Bunge la Jimbo la Lualaba liyaingize haya katika bajeti ijayo, na fedha zifike vijijini kabla ya Novemba, mbegu zinapotiwa ardhini.