Mahari, Ruracio na Hukumu ya 1917

Neno mahari hutumika leo kotekote nchini Kenya kwa mali yoyote itolewayo na upande wa mume. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo limefunika desturi mbili zisizofanana, na kwamba kukosea jina la desturi kumewahi kuwanyima wanawake heshima ya ndoa mbele ya sheria.

Asili ya neno ni Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu, ifuatwayo na Waswahili wa mwambao, mahari ni haki ya mke mwenyewe, wala baba hana ruhusa ya kuitumia pasipo ridhaa yake. Ndiyo sababu zawadi za wazazi zilipewa majina mbalimbali: kilemba cha baba na mkaja wa mama.

Huko bara mambo ni mengine. Ruracio ya Wakikuyu hupokewa na jamaa za mwanamke, wala haimaliziki kwa siku moja. Ni uhusiano wa koo mbili unaoendelea. Ndoa yenyewe hukamilishwa kwa ngurario, yaani kuchinja. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio wafungao ndoa. Basi tofauti haimo katika wingi wa mali, bali katika mpokeaji na kusudi lake.

Mahakama ya kikoloni haikuitambua tofauti hiyo. Katika kesi ya Amkeyo, mwaka 1917, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba ndoa ya kimila ni ununuzi wa mke. Kwa hiyo aliyeolewa kimila hakuhesabiwa kuwa mke, na kinga ya kisheria ilindayo siri za mume na mke haikumhusu. Mnamo 1931 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alipendekeza istilahi ya Kiingereza isiyotaja bei. Lakini hukumu ilikwisha kuacha alama.

Sheria ya Ndoa ya 2014 imezipa ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu hadhi moja. Hata hivyo, matini yake ya Kiingereza huita mali ya kimila kwa neno ambalo Ulaya lilimaanisha mali aletayo bibi arusi.

Hapana budi, basi, watungaji wa kamusi zetu waipokee ruracio na ntheo kwa majina yao, na mahari ibakie kuwa haki ya mke.