Gharama ya Kulinda Kaya

Mwanafunzi wa Eldoret, aliyekulia katika baridi ya Uasin Gishu, aweza kuuliza: misitu ya pwani yanihusu nini, nami sijapata kuiona bahari? Yamhusu, maana Makumbusho ya Taifa, yenye dhamana juu ya misitu ya kaya, hupata fungu kutoka serikalini, na fungu hilo ni kodi ya watu wote, hata yake yeye anunuapo sabuni.

Hapo kale ulinzi wa kaya haukuhitaji hazina. Wamijikenda husimulia kwamba walitoka Shungwaya, kaskazini, wakajenga vijiji vyao ndani ya misitu, na fingo zikazikwa humo ziwalinde. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhama, lakini makaburi yalibaki, nao wazee wakaendelea kukataza mti usikatwe. Aliyevunja mwiko alitozwa mnyama wa kuchinjwa ili kosa lisafishwe. Angalia hekima yake: gharama ya ulinzi ilimwangukia mharibifu mwenyewe.

Desturi hiyo ilidumu maadamu wazee waliogopwa. Elimu na dini mpya zilipoenea, na hoteli zilipoanza kutafuta viwanja Diani, mwiko ulipungua nguvu. Ndipo mwaka 1992 serikali ikaanza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho yakaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Lakini tangazo halilipi mshahara. Fedha nyingi za mwanzo zilitoka ng'ambo, kwa shirika la WWF. Na fedha za wafadhili, kama tujuavyo, zina muda wake, hali msitu hauna. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya katika Urithi wa Dunia. Heshima kubwa, bila shaka, ila haikumpa mzee wa kaya posho.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, yaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Kuhimiza ni jambo moja. Kutenga fedha katika bajeti ni jingine, na kwa maoni yangu hapo ndipo deni letu lilipo.

Wadigo wa Kinondo, huko Kwale, hawakungoja. Tangu mwaka 2001 wamewapokea wageni kwa ada, kila mgeni akifungwa shuka nyeusi kabla ya kuingia. Hata hivyo, mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga safari za ndege, watalii walikoma kuja Kenya, na msitu ulihitaji kulindwa vilevile.