Nadharia za Tabia katika Kazi ya Ustawi wa Jamii

Mtoto anayepiga wenzake shuleni huweza kuelezwa kwa nadharia zaidi ya moja, na kila moja humwelekeza Afisa Ustawi wa Jamii kwenye hatua tofauti. B. F. Skinner wa Marekani alieleza kuwa tabia huimarishwa na matokeo yake. Hivyo afisa huchunguza mtoto anafaidika nini kwa kupiga. Albert Bandura alionesha, katika jaribio la mwaka 1961, kuwa watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere waliiga kitendo hicho bila kuahidiwa zawadi. Hapo swali huhamia nyumbani: nani anampiga nani mbele ya mtoto huyo? John Bowlby wa Uingereza, kwa upande wake, alitazama uhusiano wa mtoto na mlezi wake, jambo zito kwa aliyefiwa na wazazi.

Afisa anayeishia kwa Skinner anaweza kupanga zawadi na adhabu shuleni, huku mtoto akirejea kila jioni kwenye nyumba yenye ukatili. Ndiyo maana tathmini ya familia inapaswa kutangulia mpango wa kurekebisha tabia. Nchini Tanzania, mwananchi anayeshuku ukatili dhidi ya mtoto anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.