Mir Anis na Umande wa Karbala

Mir Babar Ali, aliyejulikana kwa lakabu ya Anis, alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 mjini Faizabad, katika dola ya Awadh, kaskazini mwa India. Ushairi ulikuwa urithi wa nyumba yao. Babu yake, Mir Hasan, ndiye mtunzi wa masnavi ya Sihr-ul-Bayan. Baba yake, Mir Khaliq, alikuwa bingwa wa marsiya na, kama isimuliwavyo, ndiye aliyemshauri mwanawe aachane na ghazali.

Marsiya kwa asili ni shairi lolote la maombolezo. Huko Lucknow, chini ya watawala wa Kishia, lilikuwa limefungamana na kisa kimoja: kuuawa kwa Husein, mjukuu wa Mtume, huko Karbala tarehe 10 Muharram mwaka 61 wa Hijria (680). Umbo lake lilikuwa musaddas, yaani tasdisa: mishororo minne yenye kina kimoja, kisha miwili yenye kina chake. Anis hakuimba. Alighani mimbarini bila mahadhi, kwa sauti, macho na ishara ndogo ya mkono, mbele ya hadhira iliyokuja kulia.

Wahakiki waliozoea kupima kila utungo mrefu kwa kipimo cha Homer wamemlaumu kwa mambo mawili. Kwanza, kwamba hakuacha utendi mmoja uliokamilika. Lawama hii haina uzito. Tofauti na utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, unaokisimulia kisa hicho kwa mfululizo, marsiya hutungwa kwa ajili ya majlisi moja, na aghalabu humfuata shahidi mmoja tangu kuaga hadi kufa.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: kwamba watu wake ni Waarabu kwa majina tu, ilhali adabu zao, mapenzi yao na hata mandhari yao ni ya Awadh. Ni kweli. Katika marsiya yake mashuhuri inayoanza alfajiri ya siku ya vita, jangwa linachanua kama bustani na maua yamejaa umande. Lakini kambi ya Husein imenyimwa maji. Umande ule, unaodhaniwa kuwa pambo lisilo mahali pake, ndio unaoikoleza kiu. Baadaye, katika utungo huo huo, wana wawili wa Zainab wanatamani kukabidhiwa bendera. Mama yao anawakemea kama mama yeyote wa Lucknow ambaye angewakemea wanawe kwa kusahau adabu mbele ya wakubwa. Msikilizaji anayeitambua sauti ya nyumba yake mwenyewe hawezi tena kuliona kaburi lililo mbali. Laiti Anis angalifuata uhalisi wa kijiografia, angalipata Karbala sahihi na majlisi kavu.

Mwaka 1856 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliinyakua Awadh na mfalme Wajid Ali Shah akapelekwa Calcutta. Mwaka uliofuata uasi ukaiteketeza Lucknow. Ni kishawishi kikubwa kuzisoma marsiya zote za Anis kama maombolezo ya mji huo, lakini umahiri wake ulikuwa umekwisha komaa kabla ya anguko. Lililobadilika ni riziki. Mtunzi aliyefadhiliwa nyumbani alisafiri sasa kughani Patna, na mwaka 1871 Hyderabad.

Ushindani wake na Mirza Dabir uliigawa Lucknow makundi mawili, na Shibli Nomani aliuandikia kitabu kizima mwaka 1907, akimpa Anis ushindi. Pengine kwa kuithamini mno lugha nyepesi kuliko elimu ya Dabir. Anis alifariki Desemba 1874 na kuzikwa penye makazi yake. Dabir alimfuata mwaka 1875. Miaka minne baadaye Hali aliitwaa musaddas hiyo hiyo kuomboleza kudidimia kwa Waislamu.