Chumo la Mwanamke ni la Nani?

Ndugu msomaji, wako wasemao kuwa mwanamke kufanya kazi na kumiliki ujira wake ni jambo tulilofunzwa na Wazungu. Na tuitazame tarehe.

Bibi Khadija binti Khuwaylid (r.a.) alikuwa mfanya biashara tajiri wa Makka. Mali yake ilikwenda Sham na misafara, na waliosafiri nayo ni wanaume aliowaajiri yeye. Mmoja wao alikuwa Muhammad (s.a.w.), kabla ya kupewa Utume. Bibi Khadija alimchagua kwa uaminifu wake, naye hakuona unyonge kumfanyia kazi mwanamke.

Bibi Zaynab binti Jahsh (r.a.), mkewe Mtume, yeye hakuwa na misafara. Alitengeneza ngozi na kushona, kisha akakitoa sadaka alichokichuma. Mtume aliwaambia wakeze kuwa wa mwanzo kumfuata atakuwa mwenye mkono mrefu. Wakapimana mikono. Bibi Zaynab, aliyekuwa mfupi wa kimo, alipofariki wa mwanzo mwaka 20 Hijria, ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Na mtu hatoi sadaka ila katika mali yake mwenyewe.

Qur'ani nayo, katika Suratun Nisaa aya ya 32, imelitenga fungu la mwanamume na la mwanamke, kila mmoja na chumo lake.

Huko Uingereza, mke aliyeshinda kutwa katika kiwanda cha pamba, ujira wake kisheria ulikuwa wa mumewe. Hali ilikuwa hivyo mpaka sheria ya mwaka 1870 ilipomwachia chumo lake, na ya mwaka 1882 ikamwachia mali yake yote.

Lakini tusijisifu bure. Katika miji yetu wapo mabinti ambao mshahara wao hupokewa na baba au mume kabla hawajauhisabu. Na wapo matajiri wamlipao mwanamke pungufu kwa kazi ile ile, wakisema, "Huyu ana wa kumlisha." Kweli, kumlisha na kumvika mke ni juu ya mume. Lakini huo ni wajibu wa mume. Haukuwekwa uwe punguzo kwa tajiri.

Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa mwenye kumtumikisha mtu kisha asimpe ujira wake, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Onyo hilo halikubagua baina ya mfanya kazi mwanamume na mwanamke.