Mali Bila Daftari: Habari za Mto Ruaha Mkuu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kuwaambia wenye maduka na waweka hazina wa vyama vya ushirika. Mimi nataka kuutumia kwa mali isiyo na duka wala mweka hazina, nayo ni mto. Mto ninaoukusudia ni Ruaha Mkuu. Habari zake za nusu karne zinatufundisha jinsi taifa linavyoweza kutumia mali kubwa kila siku bila kujua nani anachukua kiasi gani, na mwishowe likamdai asiyedaiwa.

Kwanza msomaji aufahamu mto wenyewe. Vyanzo vyake vingi viko katika milima ya Uporoto na Kipengere, kusini magharibi mwa Tanzania. Mito kama Mbarali, Kimani na Chimala huteremka kwa kasi kutoka milimani na kuingia tambarare ya Usangu, na Ndembera huingia ikitokea upande wa Iringa. Katika tambarare hiyo maji hupoteza haraka yake, yakasambaa na kutuama katika kinamasi kiitwacho Ihefu. Kinamasi hicho kina mlango mmoja tu wa kutokea, mahali paitwapo Ng'iriama, palipo na kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya kizingiti, mto unatiririka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Yakishuka chini yake hata kwa shubiri moja, mto wa chini unakatika, ijapokuwa nyuma ya mwamba bado kuna maji mengi. Ukitoka hifadhini mto hukutana na Ruaha Mdogo na Kisigo katika bwawa la Mtera, ukaendelea hadi Kidatu, ukapita kwenye mashamba ya miwa, na mwisho ukaingia Rufiji.

Kwa eneo, bonde la Ruaha Mkuu ni karibu nusu ya bonde zima la Rufiji. Lakini kwa maji, Ruaha huchangia kama asilimia 15 tu, hali Kilombero peke yake huchangia zaidi ya asilimia 60. Basi tunazungumza juu ya mto wenye nchi kubwa na maji haba, na mwenye maji haba ndiye anayehitaji daftari kuliko wote.

Watumiaji wa mto huu walikuja mmoja mmoja, na kila mmoja alikuja kana kwamba yuko peke yake. Wasangu walichunga na kulima humo kabla ya mkoloni. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wabaluchi waliohamia Usangu walichimba mifereji na kulima mpunga, na majirani zao wakajifunza. Baadaye wakaja wafugaji kutoka kaskazini, Wamasai na Wasukuma, wakifuata majani ya Ihefu ambayo hubaki mabichi wakati kwingine kote ni vumbi. Mwaka 1964 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika miaka ya 1970 likafunguliwa shamba la taifa la mpunga la Mbarali kwa msaada wa China, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likafuata la Kapunga. Huko chini, kituo cha umeme cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na baada ya awamu ya pili kikafikia megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa ili kuiwekea Kidatu akiba ya maji, na mwaka 1988 lenyewe likawekewa mitambo ya megawati 80.

Sheria ya maji ya mwaka 1974 ilikwisha tamka kwamba maji yote ni mali ya taifa na kwamba anayetaka kuyatumia aombe hati. Hati zilitolewa. Lakini kutoa hati ni jambo moja, na kujumlisha hati zote ukaona kama mto unazimudu ni jambo lingine. Nyingi ziliandikwa kwa lita kadhaa kila sekunde, kana kwamba mto wa Aprili na mto wa Oktoba ni mto mmoja. Mtu mwenye hati ya namna hiyo wakati wa kiangazi aliweza kuuchukua mto mzima, na asiwe amevunja sheria yoyote.

Mwishoni mwa mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya hifadhi. Viboko walisongamana katika madimbwi ya matope, na samaki wakafa. Tangu mwaka huo kukauka kukawa desturi ya kila kiangazi. Miaka hiyo hiyo bwawa la Mtera lilishuka vibaya na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Wakati huo nilikuwa nafundisha jiografia katika chuo cha ualimu. Wanachuo walijisomea kwa koroboi na karabai, na kila gazeti lililofika lilieleza kwamba wakulima na wafugaji wa Usangu ndio wanaomaliza maji ya Mtera. Nami niliieleza habari hiyo darasani kama ilivyoandikwa. Mwanachuo mmoja, mzaliwa wa Usangu, akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, kama sisi ndio tunaokausha Mtera, mbona masika mto wetu ukifurika na kulijaza bwawa hakuna anayetushukuru?"

Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Majibu yake yalipatikana baadaye, watafiti walipokwenda Usangu na kupima maji hatua kwa hatua tangu mwisho wa miaka ya 1990. Walionyesha kwamba Mtera hujazwa hasa na mafuriko ya masika, wala si na maji machache ya kiangazi. Maji yanayochukuliwa na mifereji wakati wa kiangazi ni kidogo mno yakilinganishwa na ukubwa wa bwawa lile. Kwa hiyo sababu za mgao ilipasa kutafutwa pia katika mvua za miaka ile na katika namna maji yalivyofunguliwa Mtera kwenda Kidatu. Lakini watafiti hao hao hawakuwasafisha wakulima moja kwa moja. Maji yale machache ya kiangazi, ambayo kwa Mtera si kitu, kwa Ihefu na kwa hifadhi ndiyo uhai wenyewe. Ihefu hupoteza maji mengi kwa jua, kwa hiyo kinachoingia lazima kiwe kingi sana kuliko kinachotarajiwa kutoka. Ukipunguza kidogo juu, kizingiti cha Ng'iriama hukata mto chini.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Maji ni yale yale, lakini lita moja ya Machi na lita moja ya Oktoba hazina thamani moja, na lita ya Kidatu na lita ya Ihefu hazina thamani moja. Bila daftari, zote huitwa "maji" na watu hugombana gizani.

Fikra ya kuyathamini maji si mpya. Mwaka 1776 Mskoti Adam Smith alijiuliza kwa nini maji, ambayo hatuwezi kuishi bila hayo, yana bei ndogo, na almasi isiyo na kazi kubwa ina bei ya juu. Mwaka 1992 wataalamu wa mataifa waliokutana Dublin walitamka kwamba maji yana thamani ya kiuchumi katika matumizi yake yote yanayoshindana. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walijaribu kukadiria thamani ya huduma zote ambazo maumbile huwapa wanadamu dunia nzima, wakapata wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka, kiasi kilichozidi mapato ya mataifa yote ya wakati ule. Wengine waliibeza hesabu hiyo, wakiuliza ni nani awezaye kuinunua dunia. Lakini makusudi yake hayakuwa kuuza. Ilikuwa kuonyesha kwamba katika vitabu vya wachumi sehemu hiyo ilikuwa imeandikwa sifuri.

Tuifanye hesabu hiyo kwa Ruaha. Maji ya Kidatu yana thamani ya mafuta ambayo nchi ingelazimika kuyachoma yasipokuwapo, na katika miaka ya mgao tulilipa thamani hiyo kwa fedha za kigeni. Maji ya mpunga yana thamani ya wali wa mezani na ada za watoto wa Mbarali. Tena kuna tofauti kubwa kati yao: mtambo wa umeme hautumii maji yakaisha, huyapitisha tu, na lita iliyozungusha mtambo Mtera huzungusha tena Kidatu. Jaruba la mpunga huyanywa, na jua huyachukua. Hizo ni safu mbili zenye risiti. Safu ya tatu ni ya hifadhi, yenye risiti za watalii lakini isiyo na risiti ya kiboko. Safu ya nne haina risiti kabisa: samaki wa Ihefu, majani ya ng'ombe wakati wa kiangazi, matete ya kuezekea, na ndoo ya mama anayechota mferejini. Na ndani yake mna kazi ya kinamasi chenyewe, ambacho hupokea gharika ya masika na kuitoa polepole. Ukitaka kujua thamani ya kazi hiyo, uliza gharama ya kujenga bwawa la kuifanya.

Ndoo ya yule mama inahitaji neno zaidi, kwa kuwa ndani yake mmefichika siri ya Usangu. Mabanio ya zamani yalijengwa kwa miti, mawe na udongo. Yalivuja, na mafuriko yaliyabomoa, hivyo mto ulibakiwa na kitu. Mabanio ya saruji yaliyojengwa kwa nia njema kabisa ya kuboresha kilimo hayavuji, na huweza kuuchukua mto wote wa kiangazi. Wengi walijiuliza kwa nini mabanio hayafungwi baada ya mavuno. Jibu ni kwamba vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kunywa na kufulia isipokuwa ya mfereji. Ili ndoo chache zifike kijijini, mfereji mzima uliachwa wazi, na maji mengi yakapotelea njiani na kwenye majaruba matupu. Kisima kirefu kimoja kijijini kingeweza kurudisha mtoni maji mengi kuliko amri kumi. Lakini kisima kile kilihesabiwa kuwa ni maendeleo ya kijiji, hakikuhesabiwa kuwa ni dawa ya mto, kwa sababu hapakuwa na daftari linalounganisha mambo hayo mawili.

Badala yake zikaja ada. Katika miaka ya 1990 watumiaji walianza kutozwa kwa hati zao, kwa matumaini kwamba anayelipa atatumia kwa uangalifu. Katika Usangu matokeo yalikuwa kinyume mara nyingi. Aliyelipa alijiona ameununua mto, na desturi ya kupeana zamu ikadhoofika. Kutoza bei bila kupima ni kuandika daftari kwa macho yaliyofumbwa.

Kisha zikaja nguvu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 hadi 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Malalamiko yalikuwa mengi hata Serikali ikaunda tume. Mwaka 2008 Usangu iliingizwa katika hifadhi, na mipaka hiyo ikalalamikiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2010 ukafika na kupita, na mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2022 ulikauka tena, na nchi ikarudi kwenye mgao. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: ng'ombe hukanyaga na kula, na wingi wao Ihefu ulikuwa na madhara yake. Lakini ng'ombe hajengi banio la saruji. Aliyehamishwa ni yule ambaye safu yake haikuwa na risiti.

Leo jambo hili ni kubwa kuliko zamani. Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2024. Sasa maji ya Ruaha yana kazi nyingine kubwa baada ya Kidatu, na sauti ya umeme imezidi kuwa nene. Ukija mwaka mbaya wa mvua, vidole vitanyoshwa tena kuelekea juu ya mto.

Sheria ya mwaka 2009 imetupatia vyombo: bodi za mabonde, jumuiya za watumiaji maji, na agizo kwamba mto wenyewe uwekewe fungu lake. Vyombo hivyo vinahitaji vipimo vya maji kwenye mabanio, vinavyosomwa na kuandikwa kila siku na kubandikwa mahali ambapo mkulima, mfugaji na meneja wa umeme wanaweza kuvisoma wote. Siku hiyo mzee wa Usangu ataweza kusimama mkutanoni na kusema: sisi tumechukua hiki, tumeacha hiki, mengine waulizeni wenzetu. Kwa miaka thelathini amekuwa akishtakiwa bila ya karatasi ya kujitetea. Kumpa karatasi hiyo ni sehemu ya thamani ya mto, na pengine ndiyo ya kwanza kuandikwa.